Mtoto Asiyejua Kwamba Haoni

Kila mwalimu amekwisha kuwa na mtoto wa namna hii darasani. Ameketi nyuma, pengine kwa kuwa ni mrefu, pengine kwa kuwa alichelewa kuandikishwa. Ukiandika hesabu ubaoni, yeye hungoja kwanza jirani yake anakili, kisha hunakili kutoka daftari la jirani. Jirani akikosa, naye hukosa vilevile. Ukimwambia asome neno lililo juu kabisa, hukunja uso, hufinya macho, hunyamaza. Wenzake hucheka. Mwisho wa muhula huandikiwa kwamba ni mvivu au kwamba hana bidii, na nyumbani baba huyasoma maneno hayo huku fimbo ikiwa karibu.

Nasi watu wazima hupenda kumwuliza swali lisilofaa: "Unaona ubaoni?" Mtoto hujibu: "Ndiyo, mwalimu." Wala hasemi uongo. Ubao anauona: ni mweusi, uko mbele yake, tena una alama nyeupe. Kwamba alama zile zapasa kuonekana wazi, kila moja peke yake, hilo hajui, kwa sababu tangu kuzaliwa kwake hajapata kuazima macho ya mtu mwingine hata kwa dakika moja. Mwenye jino bovu hulia, mwenye homa hutetemeka. Lakini jicho lisiloona vizuri haliumi. Basi mtoto huyo hawezi kuja mwenyewe kutuambia. Lazima atokee mtu wa kumtafuta.

Kazi ya mtu huyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, yaani kazi ya mpima-macho, ambaye wataalamu humwita optometrista. Vijana wetu wa sekondari wakituuliza wasomee nini, wao wenyewe hutaja udaktari, sheria, na kazi za migodi. Hatujapata kumsikia hata mmoja akiitaja hii. Na wazazi wengi hudhani kwamba anayepima macho na anayeuza miwani sokoni ni mtu mmoja.

Si mtu mmoja. Daktari wa macho amesoma kwanza uganga wote, ndipo akasoma jicho; yeye ndiye apasuaye na kushona. Fundi wa miwani hukata lenzi na kuzitia katika fremu. Mpima-macho yuko kati yao: hupima nguvu ya kuona, hutafuta lenzi inayofaa, hufunza jicho lililozembea, na akiona ugonjwa humpeleka mgonjwa kwa daktari bila kukawia. Sheria ya kwanza ya kuitambua kazi hii huko Marekani ilitungwa katika jimbo la Minnesota mwaka wa 1901. Kumbe watu walikuwa wamevaa miwani tangu karne ya 13, ilipoanza kutengenezwa Italia. Kwa miaka mia sita wengi walichagua miwani kama mtu achaguavyo kofia, akijaribu hii na ile mpaka ampate wa kumfaa. Katika masoko yetu wengi wangali wanafanya hivyohivyo.

Tunaifahamu kazi hii kwa ajili ya mwenzetu mmoja tuliyesoma naye seminari ndogo. Padri aliyetufundisha fizikia alizoea kufunga madirisha, kuwasha mshumaa, na kushika lenzi moja mbele ya ukuta mweupe. Mwali wa mshumaa ukaonekana ukutani, mdogo, umepinduka kichwa chini. "Ndani ya jicho lako mambo ni vivyo hivyo," akasema. Sisi tuliandika hayo katika daftari, tukayafanyia mtihani, tukayasahau. Mwenzetu hakuyasahau. Jioni nzima alikuwa akiuliza: ikiwa picha imepinduka, ni nani anayeigeuza?

Baada ya diploma ya Serikali hatukuendelea na seminari, yeye wala sisi. Sisi tulishika chaki. Yeye kwa miaka miwili aliuza vocha za simu chini ya mwavuli kando ya barabara. Ndipo akapata habari kwamba Chuo Kikuu cha Makerere, huko Kampala, kilianza mwaka wa 2014 kufundisha upimaji wa macho hata kufikia digrii. Huko Moshi pia, katika hospitali ya KCMC karibu na Kilimanjaro, kazi hiyo hufundishwa. Mjomba wake akauza ng'ombe. Mwaka mmoja ukapita katika kujifunza Kiingereza tu, maana Kifaransa chetu hakikumsaidia neno. Kisha miaka minne ya masomo: kwanza mwili wa binadamu, hesabu na fizikia ya mwanga, baadaye magonjwa ya macho na dawa zake, mwishoni kupima wagonjwa wenyewe, mwalimu akiwa amesimama nyuma na kupima upya kila alichopima mwanafunzi. Anasema kwamba hapo ndipo wengine walipovunjika moyo. Hesabu walizimudu, lakini kumpima mtoto yuleyule mara tatu huku analia hawakuweza.

Jambo lililomfaa pasipo kutazamia ni Kigiriki kidogo tulichofundishwa seminari. Maneno yaliyowatisha wenzake, yeye aliyapasua kama karanga. Miopia, ugonjwa wa asiyeona mbali, imetoka katika neno la kufumba na neno la jicho. Maana mtu huyo hufumba macho nusu ili aone. Si ndivyo afanyavyo yule mtoto wa nyuma darasani? Wagiriki walikuwa wamemwona kabla yetu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika duka la miwani, mji gani hatutaji. Mwenye duka alimwekea idadi ya miwani ya kuuza kila siku. Siku moja akaletwa mvulana mwenye kuumwa kichwa. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Mtoto alikuwa akienda shule bila kula, basi. Mwenye duka akaagiza auziwe miwani ya nguvu ndogo, "haitamdhuru." Mwenzetu akakataa, na baada ya miezi mitatu akaondoka, akakaa bila mshahara hadi alipopata nafasi katika chumba cha macho cha hospitali moja. Tunayasimulia haya kwa kuwa ndiyo kishawishi cha kazi yenyewe: mara nyingi anayepima ndiye anayeuza. Mzazi anayo haki ya kuuliza, "Je, mtoto wangu akikaa bila miwani, atapungukiwa nini?" Mpimaji mwema hujibu swali hilo pasipo kukasirika.

Katika likizo yake alikuja kwetu, akakaa siku tatu. Shule yetu iko kijijini, mwendo wa nusu siku toka Bukavu. Tulimpa chumba cha akiba, akatundika karatasi ya herufi na kupima umbali kwa kamba.

Karatasi hizo zina historia yake. Mwaka wa 1862 daktari Snellen wa Utrecht, Uholanzi, alitunga herufi kwa kipimo maalumu. Ile ambayo jicho zima laweza kuisoma kwa mita sita ina kimo cha karibu milimita tisa, na upana wa kila mstari wake ni sehemu ya tano ya kimo hicho. Kumi juu ya kumi inayotajwa na madaktari wetu yatoka kwa Mfaransa, Ferdinand Monoyer, mzaliwa wa Lyon. Ni yeye pia aliyelipatia jina kipimo cha lenzi, dioptri, mwaka wa 1872: lenzi ya dioptri moja hukusanya mwanga kwa mita moja, ya dioptri mbili kwa nusu mita. Monoyer alikuwa na mzaha wake. Katika karatasi yake, ukizifuata herufi za kandokando kutoka chini kwenda juu, utakuta ameficha jina lake mwenyewe. Sijui ni wagonjwa wangapi wamelisoma pasipo kujua.

Lakini mtoto wa miaka minne hajui herufi. Huyo huonyeshwa herufi E tu, iliyoelekezwa juu, chini, kuume au kushoto, naye huonyesha kwa vidole vitatu jinsi inavyoelekea. Au huonyeshwa picha nne zilizotungwa mwaka wa 1976 na daktari mmoja mwanamke wa Finland, Lea Hyvärinen: nyumba, tufaha, duara na mraba. Watoto wetu hawakuwa wamepata kuona tufaha. Wengine wakaliita embe, wengine moyo. Mwenzetu hakuwasahihisha. "Aite apendavyo," alisema, "maadamu aliite vilevile kila mara."

Na yule asiyesema kabisa, au mwenye haya hata hafungui kinywa? Hapo tuliona jambo lililotushangaza kuliko yote. Giza likatiwa chumbani. Mwenzetu akaketi karibu na mtoto, umbali wa mkono mmoja, akamwangazia mboni kwa chombo kidogo chenye taa. Mboni ikang'aa rangi nyekundu, na alipoinamisha taa mng'ao ule nao ukasogea. Akaweka lenzi moja mbele ya jicho, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka mng'ao ukaacha kusogea na kuijaza mboni yote mara moja. Akaandika namba. Mtoto hakuwa amesema neno. Njia hii iligunduliwa mwaka wa 1873 na Cuignet, daktari wa jeshi la Ufaransa, na chombo chake huitwa skiaskopi, yaani kitazama-kivuli. Kwa watoto hutiwa kwanza matone ya dawa, maana lenzi iliyo ndani ya jicho la mtoto ni laini na yenye nguvu. Hujikaza yenyewe na kuficha kasoro. Matone huilegeza kwa saa chache, na kweli ikaonekana.

Katika darasa la kwanza palikuwa na msichana wa miaka sita, analelewa na baba yake mkubwa baada ya kufiwa na baba. Alikuwa nyuma ya wenzake katika kusoma. Kila akishika kitabu, baada ya dakika chache alisugua macho na kulalamikia kichwa. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kuamua: mtoto huyu hana akili ya shule, afadhali abaki nyumbani kuwatunza wadogo. Tulimwomba aje siku ya kupima, akaja, lakini alikuja na hoja yake tayari.

"Mwalimu, mtoto huyu humwona mbuzi wangu ng'ambo ya bonde kabla sijamwona mimi. Utaniambiaje ana macho mabovu? Ni uvivu."

Na kweli, macho yote mawili yakiwa wazi, msichana alizisoma zile E hadi mstari wa chini. Hapo wengi wangemwacha aende. Mwenzetu akamziba jicho la kushoto. Akasoma tena vizuri. Akamziba la kuume. Mtoto akaanza kuuvuta ule mkono, akageuza kichwa, akataka kulia. Kwa jicho la kushoto aliiona E moja tu, ile kubwa ya juu.

Chombo kikaeleza kisa chote. Macho yote mawili yalikuwa mafupi, picha ikilenga nyuma ya pazia la ndani badala ya kuangukia juu yake. La kuume lilihitaji dioptri tatu, nalo lilijikaza siku zote kuufidia upungufu. Ndiyo sababu mbuzi wa mbali alionekana, na kitabu cha karibu kilimchosha hata kuumiza kichwa. La kushoto lilihitaji dioptri sita. Hilo halikuweza kujikaza kiasi hicho. Ubongo ukachoka kupokea picha yenye ukungu, ukaiacha, ukashika ile ya kuume tu. Mwenzetu huliita jicho kama hilo "jicho lililolala." Ukilitazama ni zuri kabisa, halina kidonda, halina kengeza.

Ni nani anayeigeuza picha iliyopinduka? Swali lile la seminari lilikuwa na jibu lake hapa. Jicho halioni peke yake. Ni ubongo unaojifunza kuona, na hujifunza katika miaka ya mwanzo. Wataalamu wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walionyesha hayo huko Marekani katika miaka ya 1960. Waliwafunga paka wachanga kope za jicho moja kwa muda wa wiki kadhaa. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo haukulisikiliza tena. Kwa paka mzima, kufungwa vilevile hakukuleta dhara hilo. Mwaka wa 1981 walipewa tuzo ya Nobel. Kwa mtoto wa binadamu muda huo ni mrefu zaidi, nao huanza kufungika kidogo kidogo kuanzia miaka saba au minane.

Dawa yake ni ya zamani kuliko maarifa hayo. Mwaka wa 1743 Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa, alishauri kuziba jicho lenye nguvu ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Ndivyo ifanywavyo hata leo. Kwanza miwani kwa majuma kadhaa. Kisha, pamoja na miwani, kitambaa juu ya jicho zima. Zamani watoto walizibwa karibu siku nzima. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka wa 2003, kwa watoto wasiofikia miaka saba, ulionyesha kwamba jicho lililopungua kiasi hupata faida ileile kwa saa mbili kwa siku kama kwa saa sita. Jicho lililopungua sana huhitaji saa nyingi zaidi.

Baba mkubwa alisikiliza, kisha akasema neno ambalo hatukuona kuwa la kipumbavu hata kidogo: "Unaziba jicho zima ili mtoto atumie bovu? Mguu mmoja ukiwa na kidonda, utaufunga mwingine?"

Mwenzetu hakubishana. Aliomba sinia lenye maharage na mahindi yaliyochanganywa, akaliweka mbele ya msichana, akamwambia: "Mama mdogo, nichagulie maharage." Kwa macho mawili ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kisha akamziba la kuume. Vidole vikaanza kupapasa, vikaokota hindi, vikaokota hindi tena, vikagusa ukingo wa sinia. Baba mkubwa alitazama kimya muda mrefu.

"Itachukua siku ngapi?"

"Si siku, mzee wangu. Ni miezi."

"Na nikingoja mwaka kesho, nikisha vuna?"

"Mwaka kesho kazi itakuwa kubwa zaidi na faida itapungua. Akifika miaka kumi na miwili, pengine tutaambulia kidogo sana."

Mzee akauliza bei ya miwani. Nusu alitoa yeye, nusu ilichangwa.

Kazi haikuwa rahisi. Watoto walimwita chongo. Juma la pili alikitupa kitambaa chooni. Kwa hiyo saa zake zikahamishiwa nyumbani, mchana baada ya chakula, naye akapewa kuchambua mchele na maharage ya nyumba nzima huku amezibwa jicho la kuume. Baba mkubwa mwenyewe alikaa naye, akimhesabia. Baada ya miezi minane jicho la kushoto lilisoma tano juu ya kumi. Halijawa sawa na mwenzake, wala hatukuahidiwa kwamba litakuwa. Lakini kichwa hakiumi tena, na kusoma anasoma. Ameacha hata kunusa kitabu kama alivyozoea.

Siku ileile alipimwa mvulana wa miaka kumi na minne, mwenye kisa kilekile. Jicho lake la kushoto lilikuwa limelala tangu utoto, na hakuna aliyewahi kumziba la kuume hata kwa mzaha. Mwenzetu alimweleza waziwazi: tutajaribu, maana wengine wa umri wako hupata nafuu, lakini usitegemee mengi, na hilo jicho jema ulilinde kama hazina. Mvulana akauliza kama ataweza kuwa dereva wa malori. Jibu lilichelewa kutoka. Tulimwona akienda zake uwanjani, wala hakucheza. Hakuwa na hatia yoyote, na katika miaka yake ya kwanza ya shule walimu watano walimpita.

Wapo wazazi wanaosema kwamba miwani huharibu macho, eti mtoto akizoea hataweza kuiacha. Huiachi kwa kuwa umeonja kuona. Uvumi huo si wa kwetu tu. Uko hata katika vijiji vya China. Huko, katika majimbo ya Gansu na Shaanxi, wachunguzi walipima watoto karibu elfu ishirini katika shule 252, wakawapa wengine miwani bure, wengine wakangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2014: waliopewa miwani walipanda katika hesabu kuliko waliongoja. Hatushangai. Mwalimu hawezi kushindana na ukungu.

Wengine husema kengeza la mtoto litaondoka lenyewe akikua. Macho ya mtoto mchanga huweza kutangatanga katika miezi ya mwanzo, ndiyo. Lakini likidumu baada ya miezi sita, apelekwe. Kengeza ni njia nyingine ya jicho kulala.

Tena si kila jambo la macho ni la miwani. Mkiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, hata kama umeonekana katika picha ya simu tu, msingoje siku ya soko. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, yaweza kuwa kansa ya jicho inayowashika wadogo, na hii huua isipokatwa mapema. Mtoto ambaye jua likitua hujikwaa na kupapasa huenda amepungukiwa na vitamini A. Surua ikimkuta katika hali hiyo, macho yaweza kufa kwa siku chache. Mawese yetu mekundu na sombe vina kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini hiyo, nayo chanjo ya surua hutolewa katika vituo vya afya. Na maji ya majani, maziwa ya mama, au mkojo katika jicho lenye kuuma: tumeyaona yote matatu, na hakuna hata moja lililoponya.

Kuhusu simu zinazowashughulisha watoto wa mijini, tuseme machache. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi, la mtu mzima 24. Likirefuka kupita kiasi, hata kwa milimita moja, mtu haoni mbali. Katika miji mikubwa ya Asia ya Mashariki vijana wanane au tisa katika kumi humaliza shule wakiwa hivyo. Taiwan ilianza mwaka wa 2010 kuwatoa wanafunzi nje ya darasa dakika 120 kila siku, kwa kuwa mwanga wa mchana huzuia jicho lisirefuke upesi. Watoto wetu wachungao mbuzi wanazipata dakika hizo bure. Waliofungiwa vyumbani Kinshasa na Lubumbashi hawazipati.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa taarifa mwaka wa 2019: watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwa bilioni moja au zaidi kati yao upungufu huo ungaliweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Kijana anayetafuta kazi na auone ukubwa wa shamba hilo. Ahitaji fizikia na hesabu nzuri, biolojia, na Kiingereza akitaka kuvuka mpaka kwenda Kampala au Moshi. Utajiri asiutazamie upesi. Mwenzetu amepanga nyumba ya vyumba viwili, na vyombo vyake vingine vilinunuliwa kwa mkopo. Wasichana wasiiogope kazi hii. Darasani kwake walikuwapo kadhaa, tena anakiri kwamba watoto waliwanyamazia upesi kuliko yeye.

Tulimwuliza siku ya mwisho ni kitu gani kinachomrudisha kazini. Alifikiri kidogo, akasema ni uso wa mtoto katika dakika ya kwanza ya miwani. Hacheki, alisema, kama watu wanavyodhani. Mara nyingi hunyamaza, hutazama mikono yake, kisha humtazama mama yake muda mrefu, kama anayemhakikisha.

Anatazamiwa kurudi mwezi wa Agosti. Kabla ya hapo walimu wenzetu watawapitisha watoto wote wa madarasa ya chini, jicho moja moja, wapate kumwandikia majina. Seremala wa parokia ametukatia kibao, tukachora juu yake herufi E yenye kimo cha milimita 17 na nusu, kila mstari milimita tatu na nusu, wino mweusi juu ya rangi nyeupe. Asiyeiona kwa mita sita huandikwa. Kibao kimetundikwa upande wa kivuli wa ghala, na mita sita zimewekewa alama ya jiwe. Mzazi akipita na mtoto asiyefika umri wa shule, asipite tu. Kitambaa safi cha kuzibia jicho kimo ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini ya kibao.